Ardhi Ikinona, Aina za Mimea Hupungua

Mkulima atiaye mbolea katika shamba lake la mahindi hutazamia mavuno makubwa, na aghalabu huyapata. Kwa hiyo si ajabu watu wengi wakidhani kwamba ardhi yenye rutuba nyingi ndiyo iwezayo kulisha mimea ya aina nyingi kuliko ardhi iliyo maskini. Dhana hiyo yaonekana kuwa ya akili, lakini wataalamu wa elimu ya mimea walioipima kwa mizani na kwa hesabu, mwaka baada ya mwaka, wameona kinyume chake. Mahali ambapo nyasi na mimea mingine huota yenyewe, mbolea ikizidi, uzito wa majani huongezeka, bali aina za mimea hupungua.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Lamhusu kila mtu aliye na mifugo, kwa maana malisho yaliyobakiwa na aina chache za mimea hayavumilii ukame kama malisho yenye aina nyingi. Yafaa basi kueleza jinsi jambo hili lilivyogunduliwa, sababu zake, na mafunzo yanayopatikana kwa wafugaji na wakulima.

UWANJA WA BWANA LAWES

Kaskazini ya mji wa London, huko Uingereza, karibu na mji mdogo wa Harpenden, lipo shamba la utafiti liitwalo Rothamsted. Mwenye shamba hilo katika karne ya 19 alikuwa Bwana John Bennet Lawes, ambaye mwaka 1843 alianza kutengeneza na kuuza mbolea za chumvichumvi. Mwaka huo huo alimwajiri mkemia, Bwana Joseph Henry Gilbert, na watu hawa wawili wakafanya kazi pamoja kwa muda wa miaka 57, hata Lawes alipofariki mwaka 1900.

Mwaka 1856 walichagua uwanja wa nyasi wa ekari 7 hivi, ambao ulikuwa umetumika kwa malisho kwa miaka 100 au zaidi, na ambao majani yake yalikuwa ya namna moja kila upande. Wakaugawa vipande vipande. Kipande kimoja kilitiwa samadi, kingine chumvi zenye naitrojeni, kingine fosforasi na potasiamu, na vingine mbolea hizo zikiwa zimechanganywa kwa kadiri mbalimbali. Vipande vingine viliachwa bila kutiwa kitu chochote, ili viwe kipimo cha kulinganishia. Kila mwaka majani hukatwa na kupimwa uzito.

Nia ya mabwana hao haikuwa kuchunguza aina za mimea. Walitaka kujua ni mbolea gani itakayozidisha majani makavu ya kulishia ng'ombe wakati wa baridi. Lakini baada ya miaka michache tu vipande vile vilikuwa vimetofautiana sana, hata mtu asiyejua habari zake angedhani kwamba kila kimoja kilipandwa mbegu za namna yake. Kazi hiyo haikukoma walipofariki. Inaendelea hata leo, na sasa imepita miaka 160. Katika dunia nzima hapana jaribio jingine la malisho lililodumu muda mrefu hivyo.

Tofauti zilizoonekana ni kubwa. Katika vipande ambavyo havikutiwa mbolea tangu mwanzo, mtu aweza kuhesabu aina 35 za mimea au zaidi: nyasi fupi, mimea ya jamii ya kunde, na mimea mingi midogo yenye maua. Majani yake si mengi kwa uzito. Katika vipande vilivyotiwa naitrojeni nyingi pamoja na fosforasi na potasiamu, majani ni mengi na marefu, lakini aina zake ni chache. Tena katika vipande vilivyotiwa salfeti ya amonia kwa wingi bila kutiwa chokaa, zimebaki aina mbili au tatu tu.

SABABU YA KWANZA: UCHACHU WA UDONGO

Kupungua huko kuna sababu zaidi ya moja. Ya kwanza ni uchachu. Mbolea yenye amonia, ikitiwa katika udongo mwaka baada ya mwaka, huufanya udongo uwe mchachu. Viumbe vidogo vya udongoni huigeuza amonia, na katika kuigeuza huacha asidi. Udongo ukichacha sana, madini ya alumini yaliyomo huyeyuka na kudhuru mizizi, na ni mimea michache tu iwezayo kustahimili hali hiyo. Hata nyungunyungu, ambao kazi yao ni kulainisha udongo na kuchanganya mboji, huukimbia udongo wa namna hiyo.

Dawa ya uchachu ni chokaa. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wataalamu wa Rothamsted wamekuwa wakitia chokaa katika sehemu za vipande vile, na mahali ilipotiwa, mimea kadhaa iliyopotea ilionekana tena. Hayo yawahusu wakulima wengi wa magharibi ya Kenya, ambako udongo wa mashamba mengi ni mchachu, na ambako wakulima hushauriwa wapime udongo na kutia chokaa kabla ya kuongeza mbolea zaidi.

Lakini uchachu peke yake hautoshi kueleza mambo yote. Hata katika vipande vilivyotiwa chokaa, mbolea nyingi iliendelea kupunguza aina za mimea. Ilibidi sababu nyingine itafutwe.

KAZI YA PROFESA TILMAN KULE MINNESOTA

Mtu aliyeitafuta kwa bidii kubwa ni Profesa David Tilman wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Mahali alipofanyia kazi paitwa Cedar Creek, kaskazini ya mji wa Minneapolis. Udongo wa huko ni mchanga mtupu, na naitrojeni yake ni kidogo. Zamani wakulima walilima sehemu zake, kisha wakaziacha, na nyasi zikarudi.

Tilman alianza na swali jepesi: mimea miwili ikigombania chakula kile kile katika udongo maskini, ni upi utakaoshinda? Alipanda nyasi za aina tano, kila moja peke yake, kisha akapima naitrojeni iliyosalia udongoni. Akaona kwamba kila aina huacha kiasi chake. Nyasi zenye mizizi mingi huunyonya udongo hata ibaki naitrojeni kidogo kabisa, na hata hivyo huendelea kuishi. Zilipopandwa pamoja na nyingine katika udongo maskini, hizo ndizo zilizoshinda, kwa maana wenzake walikufa njaa pale ambapo zenyewe zilikuwa bado zinapata riziki.

Hapo ndipo siri ilipo. Mmea hauwezi kutumia mali yake yote kwa kila kazi. Ukikuza mizizi mingi, utapungukiwa shina na majani; ukikuza shina refu na majani mapana, utapungukiwa mizizi. Katika udongo maskini, vita vya mimea hupiganwa chini ya ardhi, na wenye mizizi ndio washindi. Tena hapana mmoja awezaye kutawala mahali pote, kwa sababu kitu kinachopungua hapa si kile kinachopungua pale: hapa ni naitrojeni, pale ni fosforasi, na mahali pengine ni maji. Kila aina hupata pembe yake ya kuishi.

Lakini mtu akimwaga mbolea, njaa ya udongoni huondoka. Mizizi mingi haina faida tena. Sasa vita vyahamia juu, na kinachogombaniwa ni mwanga wa jua. Mwanga hutoka upande mmoja tu, yaani juu. Mmea mrefu huupata wote wa kwanza, na mmea mfupi hubaki gizani. Basi mimea mirefu michache huitia kivuli mingine yote, na ile mifupi hufa, ingawa chakula kimejaa udongoni.

Kule Cedar Creek jambo hilo lilionekana waziwazi. Mwaka 1982 Tilman alipima vipande 207 katika viwanja vinne, akavitia naitrojeni kwa vipimo mbalimbali, na vingine akaviacha bila kutia chochote. Mahali penye naitrojeni nyingi, nyasi moja ngeni iliyoletwa kutoka Ulaya ilitawala, na nyasi za asili za nchi ile zikatoweka.

TAA CHINI YA MAJANI

Je, ni hakika kwamba kivuli ndicho kiuacho? Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Zurich, nchi ya Uswisi, walitangaza jaribio lililotoa jibu la wazi. Walikuza mimea ya malisho ya aina mbalimbali pamoja, wakaitia mbolea. Kisha katika sehemu nyingine za jaribio waliweka taa chini, katikati ya majani, ili mimea mifupi ipate mwanga. Mahali pasipokuwa na taa, mbolea ilipunguza aina za mimea kama kawaida. Mahali palipowekwa taa, aina hazikupungua, ingawa mbolea ilikuwa ile ile.

Mfugaji hana haja ya kupeleka taa malishoni, kwa sababu anayo mifugo. Mwaka 2014 wataalamu waliokuwa wakifanya jaribio la namna moja katika malisho 40, katika mabara sita, walieleza matokeo yao. Walikuwa wametia mbolea katika vipande, na kuzungushia vingine ua ili wanyama wasiingie. Waliona kwamba pale ambapo wanyama, kwa kula majani marefu, waliruhusu mwanga ufike chini, aina za mimea ziliongezeka, hata palipotiwa mbolea. Lakini pale ambapo wanyama hawakuongeza mwanga, aina hazikuongezeka. Malisho yaliyokwisha kuwa mafupi na makavu hayawezi kutajirika kwa kuongezewa ng'ombe.

FAIDA YA AINA NYINGI WAKATI WA UKAME

Huenda mfugaji akauliza: kuna hasara gani aina zikipungua, maadamu majani ni mengi? Jibu lilikuja mwaka 1988, wakati jimbo la Minnesota lilipopatwa na ukame ambao haujapata kuonekana huko kwa muda wa miaka 50. Vile vipande 207 vya Cedar Creek vilikuwa vimekwisha kupimwa miaka kadhaa kabla ya hapo, kwa hiyo iliwezekana kulinganisha hali ya kabla na ya baada.

Vipande vyenye aina nyingi vilipungukiwa majani hata yakabaki karibu nusu ya yale ya kwanza. Vipande vyenye aina chache kabisa vilibakiwa na sehemu moja ya nane, au hata chini ya hapo. Tena vile vyenye aina nyingi vilirudi katika hali yake upesi zaidi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1994.

Si wataalamu wote waliokubali mara moja. Wengine walisema kwamba vipande vyenye aina chache ndivyo vile vilivyotiwa mbolea nyingi, kwa hiyo haikuwa rahisi kujua kama udhaifu wake ulitokana na uchache wa aina au na mbolea yenyewe. Lilikuwa neno la haki. Kwa hiyo Tilman na wenzake walikuwa wameanza jaribio jingine mwaka 1994, ambalo ndani yake mbolea haikutiwa. Walitengeneza vipande 168, kila kimoja kikiwa na upana wa meta 9 na urefu wa meta 9, wakapanda humo mbegu za aina 1, 2, 4, 8 au 16, zilizochaguliwa kwa kura. Kila mwaka wanafunzi wengi waliinama kung'oa kwa mikono mimea mingine iliyojiotea, ili kila kipande kibaki na aina zake.

Baada ya miaka saba, vipande vyenye aina 16 vilikuwa na mimea yenye uzito mara mbili na nusu na zaidi ya ule wa vipande vyenye aina moja tu. Vilevile, mavuno yake hayakupanda na kushuka sana mwaka hata mwaka. Sababu moja ni kwamba mimea ya jamii ya kunde huvuta naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi katika mizizi yake, na jirani zake hufaidika. Sababu nyingine ni kwamba mimea hii huota mapema na ile huchelewa. Hii ina mizizi mirefu na ile mifupi. Mwaka mbaya kwa mmoja si mwaka mbaya kwa wote. Mfugaji aliye na ng'ombe, mbuzi na ngamia aelewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

HABA NA HABA

Jambo lingine la kuangaliwa ni kwamba si lazima mbolea iwe nyingi ndipo idhuru. Tilman na mwenzake Christopher Clark walieleza mwaka 2008 kwamba hata kipimo kidogo kabisa, yaani kilo 10 za naitrojeni kwa hekta moja kila mwaka, au kilo 4 hivi kwa ekari, kilipunguza idadi ya aina kwa asilimia 17 katika muda wa miaka 20 na zaidi. Naitrojeni ya kiasi hicho yaweza kuanguka na mvua katika nchi zenye magari na viwanda vingi, kwa kuwa moshi wake huichukua hewani. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, kilichopotea chaweza kurudi? Majibu ni mawili. Kule Cedar Creek vipande vingine viliachishwa mbolea, lakini hata baada ya miaka 20 aina zilizopotea zilikuwa bado hazijarudi zote. Mbegu zake hazikuwa karibu, na majani makavu yaliyolundikana yalizuia mimea michanga isichipuke. Lakini kule Rothamsted, mwaka 2015 wataalamu walieleza habari njema zaidi: naitrojeni iangukayo kutoka hewani ilipopungua Uingereza, na vipande vingine vilipoachishwa mbolea yake, mimea ya jamii ya kunde na mingine ilianza kuongezeka tena. Huko uwanja ulikuwa na vipande vingine jirani vyenye mbegu, na majani yalikuwa yakikatwa na kuondolewa kila mwaka.

MABOMA YA ZAMANI YA KENYA

Wafugaji wa Kenya wamefanya jaribio kama hilo tangu kale, ingawa hawakuliita kwa jina hilo. Ng'ombe hulisha mbali mchana, na jioni hurudi bomani na kulala humo. Hivyo rutuba ya eneo kubwa hukusanywa mahali padogo kwa njia ya samadi. Watu wanapohama, boma huoza, na mahali pake huota nyasi nzuri bila miti. Katika uwanda wa Laikipia viwanja vya namna hiyo vyaonekana wazi katikati ya vichaka vya migunga, na wataalamu wameona kwamba udongo wake una naitrojeni na fosforasi nyingi kuliko udongo wa kando. Swala na wanyama wengine wa porini huvipenda sana.

Alama hizo hudumu. Mwaka 2018 wataalamu wakiongozwa na Profesa Fiona Marshall walieleza habari za mahali patano katika Narok palipokaliwa na wafugaji wa kale, kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Hata leo udongo wa mahali hapo una fosforasi na chokaa nyingi kuliko udongo ulio jirani.

Katika kiwanja cha boma la zamani, aghalabu aina moja au mbili za nyasi hutawala, kama ilivyokuwa Rothamsted na Cedar Creek. Lakini mtu akiitazama nchi nzima kwa mbali, ataona kwamba kiwanja hicho kimeongeza kitu ambacho hakikuwapo: kipande cha nyasi tamu katikati ya pori la miti na udongo maskini. Hapa ndipo kipimo kinapokuwa na maana. Rutuba iliyokusanywa mahali padogo, na watu wakahama, iliitajirisha nchi. Rutuba hiyo hiyo ikimwagwa kila mahali, kila mwaka, ingeifanya nchi yote iwe ya namna moja.

MAFUNZO YAKE

Mtu asidhani kwamba habari hizi zakataza mbolea. Shamba la mahindi si malisho. Mkulima wa mahindi ataka mmea mmoja tu, tena ataka uwe mrefu na wenye nguvu, na mbolea humsaidia kwa jambo hilo. Lakini yampasa kuitia mbolea katika mashimo au mistari ya mazao yake, kwa kipimo, na wala si kuitapanya hata ichukuliwe na maji ya mvua kwenda malishoni na mitoni. Yampasa pia kupima uchachu wa udongo wake, kwa sababu mbolea ya amonia inayotiwa mahali pale pale miaka mingi huudhoofisha udongo ule ule iliokusudiwa kuusaidia.

Kwa mfugaji, funzo ni kuyatazama malisho yake kwa jicho jingine. Wingi wa majani katika mwaka wa mvua haumwambii hali itakayokuwapo mvua ikikosa. Afadhali ahesabu aina: nyasi ndefu na fupi, mimea ya jamii ya kunde inayotambaa, na ile midogo ambayo mbuzi huitafuta. Boma likihamishwa mara kwa mara, samadi haitalundikana mahali pamoja kupita kiasi, na mahali pa zamani patageuka malisho. Nayo malisho yakipumzishwa kwa zamu, mimea mifupi hupata mwanga, na ile iliyochoka hupata nafasi ya kutoa mbegu. Aina ikiisha kupotea, yaweza kupita miaka 20 kabla haijarudi, na ng'ombe hawawezi kungoja muda huo.